Maji yalipanda lini?

Kama ulisoma shule ya msingi hapa Tanzania, jaribio hili huenda unalijua. Mshumaa unasimamishwa katikati ya sahani, sahani inatiwa maji, mshumaa unawashwa, kisha unafunikwa na bilauri. Baada ya muda mfupi mwali unafifia, unazimika, na maji yanapanda ndani ya bilauri. Mwalimu anageukia ubao na kuandika hitimisho: mshumaa umemaliza oksijeni, maji yamechukua nafasi yake, na kwa kuwa yamepanda kiasi cha moja ya tano, basi oksijeni ni moja ya tano ya hewa. Wanafunzi wananakili. Kengele inalia, watu wanakimbilia uji.

Mimi nafundisha Sayansi darasa la tano katika shule ya serikali pembezoni mwa Morogoro mjini. Darasa lina watoto 92. Katika mada nzima ya hewa hakuna jaribio ninalolipenda kama hilo la mshumaa, na sababu yake ni kwamba hitimisho la ubaoni haliendani na kinachotokea mezani. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuliona hilo bila msaada wa profesa, mradi aulizwe swali litakalomfanya aangalie.

Swali ninalouliza ni fupi: maji yalipanda lini?

Jaribu kukumbuka kabla hujaendelea kusoma. Yalipanda mshumaa ukiwa bado unawaka, au ulipokwisha kuzimika? Watu wazima ninaowauliza, wakiwemo walimu wenzangu na shemeji yangu ambaye ni fundi wa mabomba na hewa na maji anavijua, wengi wanajibu bila wasiwasi kwamba yalipanda polepole, kadiri mshumaa ulivyoendelea kuwaka. Na kweli ndivyo ingepaswa kuwa kama kinachovuta maji ni kuisha kwa oksijeni. Jaribio walilitazama kwa macho yao wenyewe, ila kilichobaki kichwani ni sentensi ya ubaoni.

Kazi yangu kubwa kwenye somo hili huwa nimeshaimaliza kabla sijaingia darasani. Naanza wiki moja kabla kuomba chupa za kioo, zile za jamu na siagi ya karanga, kwa majirani na kwa mama ntilie wa pale njia panda. Lazima ziwe za ukubwa mmoja, na nitaeleza kwa nini. Mishumaa naikata vipande vifupi ili mwali usikaribie kitako cha chupa. Udongo wa mfinyanzi wa kuisimamishia tunauchimba bondeni nyuma ya shule. Maji nayatia bluu ya kufulia nguo, kwa sababu maji matupu ndani ya chupa ya kioo hayaonekani kwa mtoto aliyekaa nyuma, na asiyeona ataanza kumchokoza mwenzake. Kiberiti nakishika mimi peke yangu. Ndoo ya mchanga iko mlangoni, mikono ya masweta imekunjwa, na wasichana wenye mitandio wameifunga kwa nyuma.

Vikundi viko kumi. Vingine vinapata mshumaa mmoja, vingine miwili, vingine mitatu, na sisemi kwa nini. Mtoto akiuliza mbona wale wana mingi, namwambia swali zuri, liandike. Kila kikundi kina mtu wa kuhesabu kwa sauti, mwandishi, mtu wa kupima kwa rula, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia ukingo wa chupa pale chini inapogusana na sahani, basi. Haruhusiwi kutazama mwali. Kazi hiyo hakuna anayeitaka, kwa hiyo huwa naipanga mimi mwenyewe na mara nyingi nampa mtoto mkimya.

Kabla kiberiti hakijawashwa kila mmoja anaandika kwenye daftari anavyobashiri: nini kitatokea na lini. Kwa kalamu ya wino, na hakuna kufuta. Hapo sina mzaha. Mtoto ambaye hajabashiri akiona maji yanapanda atasema nilijua, na kichwani mwake hakuna kilichosogea. Aliyeandika kwamba hakuna kitakachotokea, halafu kikatokea, huyo tayari ana jambo la kuhangaika nalo.

Mzunguko wa kwanza ni kelele tupu. Yamepanda! Yamepanda! Wengine wanasimama juu ya madawati. Nawaacha wafurahi, kisha nauliza lile swali la lini. Kimya. Halafu linaanza zogo, maana kikundi kimoja kinasema yalipanda tangu mwanzo, kingine kinasema katikati, kingine kinasema mwishoni, na kila mmoja anaapa. Siamui. Nasema turudie, na safari hii tuangalie hilo tu.

Mzunguko wa pili unakuwa na utulivu ambao hata mwalimu mkuu akipita anachungulia kuona kama tupo. Watoto wameinamisha vichwa mpaka pua zinakaribia kugusa meza. Mwaka huu aliyesema wa kwanza alikuwa binti wa kikundi cha dirishani: "Mwalimu, mshumaa ukiwa unawaka maji yametulia. Ukizimika tu, fyuu!" Akaonyesha kwa mkono jinsi yalivyoruka. Vikundi vingine vikaitikia, na sisi, na sisi. Wachache wakasema yalianza kupanda kidogo mwali ulipokuwa unafifia. Nikaandika yote ubaoni, na la wachache pia.

Kisha nikamgeukia yule wa kuangalia ukingo katika kikundi cha mishumaa mitatu. Mvulana mmoja mpole, hajanyoosha kidole tangu muhula uanze.

"Wewe umeona nini?"

"Mapovu."

"Wapi?"

"Chini hapa, tulipoifunika chupa. Yalitoka."

Wenzake wakambishia kwamba hakuna mapovu, walikuwa wanatazama moto bwana. Nikawaambia wampishe, tufunike tena, wote waangalie alipokuwa anaangalia yeye. Mapovu yakatoka, bluu bluu, yakipasukia pembeni mwa chupa. Huyo mtoto alijinyoosha, nadhani aliongezeka urefu.

Kuanzia hapo nilikuwa na maswali machache tu. Povu ni nini? Ni hewa. Hewa ya wapi? Ya ndani ya chupa. Inaingia au inatoka? Inatoka. Mbona inatoka? Hapo nikanyamaza. Kunyamaza mbele ya watoto tisini wanaokutazama ni kazi ngumu kuliko kuhutubia, na mwalimu yeyote anajua jinsi jibu linavyowasha ulimi. Unatamani kusema "kwa sababu hewa ikipata joto..." na ukishasema hivyo mchezo umekwisha, watakaa chini wasubiri imla.

Jibu likatoka nyuma, kwa sauti ya kujiuliza: si kwa sababu ya moto? Moto unaisukuma? Mwingine akadakia kwamba walishajifunza kuwa hewa ikipata joto inatanuka, kwa hiyo ikikosa nafasi inatoka. Na ikipoa? Inasinyaa. Na iliyotoka inarudi? Hairudi, maji yameziba njia. Basi nani anaingia? Maji!

Ndipo tukaenda kwenye rula. Chupa zetu zina kimo cha sentimita 12. Kwenye mshumaa mmoja maji yalipanda kama sentimita 2, kwenye miwili kama 3, kwenye mitatu 4 na ushee. Nikauliza kama chupa yenye mishumaa mitatu ilikuwa na hewa nyingi zaidi kuliko nyingine. Wakaangalia, wakapima kwa macho, wakakataa: chupa ni zilezile. Ndiyo maana nilihangaika kutafuta chupa za saizi moja. Kama ni oksijeni tu inayoisha, mishumaa mitatu ingeimaliza upesi zaidi, lakini isingeweza kumaliza zaidi ya iliyokuwemo. Hilo sikulisema mimi. Lilisemwa na msichana mmoja kwa mfano wa maandazi: wakila watu watatu yanaisha haraka, lakini hayawi mengi.

Kwa msomaji mkubwa niliweke wazi. Mshumaa kweli hutumia oksijeni, na bila oksijeni hauwaki. Lakini unapowaka unatoa kabonidayoksaidi na mvuke, kwa hiyo sehemu kubwa ya nafasi inayoachwa na oksijeni inajazwa palepale. Tena mwali huzimika oksijeni ikiwa bado ipo. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 hivi, na mshumaa hushindwa kuwaka inapofika kwenye 16. Mvuke ukipoa unageuka matone kwenye kuta za chupa, na hilo nalo linachangia kidogo kuvuta maji. Kilichobeba mzigo mkubwa ni joto: hewa ilitanuka, nyingine ikatoka kwa mapovu, moto ulipozimika iliyobaki ikapoa na kusinyaa, na msukumo wa hewa ya nje ukayaingiza maji. Jaribio lenyewe ni la kale sana, Philo wa Byzantium alilieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na naye alikuwa na maelezo yake ambayo leo hatuyakubali. Kwa hiyo sisi si wa kwanza kupotezwa na mshumaa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ilifuata, na haikuwa kwenye andalio la somo. Mtoto akasema: kama ni joto, basi tupashe chupa bila mshumaa tuone. Nikamuuliza tutaipashaje. Akafikiri, akasema maji ya moto yapo jikoni kwa mpishi wa uji. Akatumwa na kiranja, wakarudi na maji kwenye birika. Nikayamimina chupani mwenyewe, tukayasukasuka, tukayamwaga, nikaifunika chupa haraka kwenye sahani ya maji ya bluu. Hakuna moto, hakuna mshumaa. Maji yakapanda, tena kwa kasi. Darasa lilipiga makofi kana kwamba Simba imefunga. Mvulana mmoja akasema ndiyo maana kwenye hijama wanawasha moto ndani ya kikombe kabla ya kukibandika mgongoni, baba yake aliwahi kufanyiwa. Sikuwa nimefikiria hijama kabisa.

Sasa nije kwenye jina la hii kazi, maana siku hizi kila semina inalitaja: udadisi wa kuongozwa. Heather Banchi na Randy Bell wa Marekani waliandika mwaka 2008 kuhusu ngazi nne. Ya chini, mtoto anathibitisha jambo ambalo jibu lake analijua tayari. Ya pili, anapewa swali na njia, jibu analitafuta. Ya tatu, anapewa swali tu, njia anaibuni. Ya nne, hata swali ni lake. Lile jaribio la ubaoni nililolieleza mwanzo ni ngazi ya kwanza, tena imechechemea. Somo langu linaanzia ya pili, na linaingia ya tatu pale mtoto anapoomba maji ya moto. Ya nne hutokea mara chache, na haiji kwa kupangwa.

Kuna wanaosema tuwaachie watoto wagundue wenyewe kila kitu. Hao nawaomba waje Morogoro wakae na watoto 92, vipindi viwili vya dakika 40, na mishumaa. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika mwaka 2006 kwamba anayeanza kujifunza akiachwa bila mwongozo, akili yake inalemewa na mambo mengi kwa wakati mmoja na hajifunzi sana. Nakubaliana nao kwa hilo. Ndiyo maana nimechagua chupa, nimetia bluu, nimempa mtu mmoja kazi ya kuangalia ukingo na nimekata mshumaa mfupi. Vyote hivyo ni kuongoza, ila mtoto havioni kama maelekezo. Ninachokataa ni kumwongoza mpaka kwenye jibu. Niwe mkweli, mpaka huo unapita kwenye uzi mwembamba, na yale maswali yangu ya mapovu (inaingia au inatoka?) mtu mkali anaweza kusema nilikuwa nalisha kijiko. Nami nitamjibu kwamba kila swali langu lilikuwa linajibika kwa kuangalia mezani. Hakuna lililohitaji kubahatisha alichokuwa nacho mwalimu kichwani.

Hilo ndilo nalipimia maswali yangu siku hizi. Nikiwa naandaa somo na kuandika "kwa nini maji yalipanda?", najiuliza: mtoto atatazama wapi ili ajibu? Atanitazama mimi. Swali la kwa nini, likiulizwa mapema, linaligeuza darasa zima limwangalie mwalimu. Lini, wapi, kiasi gani, yapi zaidi, haya yanamrudisha kwenye chupa. Swali la "kwa nini" litakuja lenyewe baadaye, na mara nyingi linaletwa na mtoto.

Tanzania tuna kisa chetu cha jambo hili, na nashangaa tunavyokitumia kama sifa ya taifa tu badala ya kukitumia kufundishia walimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Akauliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakaufanya huo kuwa utani. Mpaka alipokuja Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, Mpemba akamuuliza mbele ya watu, watu wakacheka, lakini Osborne akalichukua swali akaenda nalo. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Kipande ambacho hakisimuliwi sana ni cha fundi wa maabara. Osborne aliporudi Dar alimwomba fundi alifanyie jaribio swali hilo. Fundi akaleta taarifa kwamba ni kweli, yaliyoanza yakiwa ya moto yaliganda kwanza, halafu akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Mimi kila nikikumbuka hapo nacheka, kisha naacha kucheka, kwa sababu nimewaona walimu wakifanya hivyohivyo na mshumaa. Maji yakipanda zaidi ya moja ya tano, wanawaambia watoto hewa imevuja, rudieni. Yakipanda pungufu, rudieni. Yakifika moja ya tano kwa bahati, haya andikeni. Na swali la Mpemba lenyewe halijafungwa: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden kule Uingereza waliandika kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kukuletea matokeo ya udanganyifu. Wengine wanaendelea kubishana nao. Iwe Mpemba alikuwa sahihi au la, aliyekosea bila ubishi ni yule aliyemjibu bila kwenda kwenye friji.

Ofisini wenzangu wana hoja zao na si za kupuuza. Kelele, kweli zipo. Muda, ni kweli: jaribio ambalo lingechukua dakika kumi linakula vipindi viwili, na azimio la kazi halikusubiri. Kwa hilo sina dawa zaidi ya kuchagua. Sifundishi kila mada hivi. Majina ya sayari nayasema, wanayaandika, yamekwisha, maana hakuna mtoto atakayegundua jina la Zohali kwa kuangalia bilauri. Nachagua mada chache kwa mwaka, zile ambazo watoto tayari wana maelezo yao vichwani, na yana kasoro: hewa, joto, kuelea na kuzama, mimea inakula nini.

Hoja nzito ni mtihani. Mwenzangu mmoja aliniuliza: ukiwaambia mshumaa hauonyeshi moja ya tano, wakikutana na swali la kuchagua herufi watachagua nini? Watachagua moja ya tano. Oksijeni ni moja ya tano ya hewa kweli, namba haina ubaya wowote. Kilichokuwa na kasoro ni ushahidi tuliokuwa tunaupeleka mahakamani. Na mthibiti ubora aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu wakati wa zogo la mapovu hakuuliza kuhusu kelele, aliuliza kama naweza kumwazima chupa mbili. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alitaka elimu imjengee kila raia akili ya kudadisi, na sisi walimu tulikariri hilo chuoni kwa ajili ya mtihani, jambo ambalo lina uchekeshaji wake.

Lakini deni nililokuwa nalo kwa watoto ni hilo: kama mshumaa hauthibitishi moja ya tano, tumeijuaje? Hapo ndipo stilwaya inapoingia.

Nunua stilwaya ya kusugulia sufuria, ile laini ya kijivu inayoacha vumbi mikononi. Usinunue ile ya mizunguko inayong'aa, haishiki kutu na utasubiri mpaka muhula uishe. Ile ya kijivu nayo hutoka kiwandani imepakwa mafuta, kwa hiyo iloweke kwenye siki dakika chache, ikamue, isukume mpaka kwenye kitako cha chupa ibanane pale isidondoke. Pindua chupa kwenye sahani ya maji, weka alama ya mstari. Chupa nyingine weka stilwaya kavu isiyooshwa, na ya tatu iache tupu. Chuma chenye unyevu kikishika kutu kinachukua oksijeni na hakirudishi gesi yoyote, wala hakipashi chupa joto la kusumbua. Sahani iongezwe maji kila asubuhi maana Morogoro ina jua.

Hapo nilipata zawadi. Siku ya pili mtoto mmoja alilalamika kwamba kikundi cha dirishani wanapima saa sita na wao wanapima asubuhi, na kwamba saa sita chupa imepigwa jua, hewa imetanuka, maji yatakuwa yameshuka, kwa hiyo wanadanganya. Tukapitisha sheria: wote wanapima kabla ya paredi ya asubuhi. Sikuwafundisha kudhibiti joto kwenye jaribio. Walitoka nalo kwenye mshumaa.

Maji yalipanda polepole, siku kwa siku, mpaka yakasimama kwenye sentimita 2 na nusu hivi, na hayakusogea tena ingawa stilwaya ilikuwa bado na sehemu zisizo na kutu. Chupa tupu haikuwa na jambo. Ya stilwaya kavu ilisogea kidogo sana. Nikaziba mdomo wa chupa yenye kutu kwa kipande cha kadi, nikaigeuza, nikatumbukiza kijiti kinachowaka. Kikazimika pale mdomoni, kabla hakijaingia. Hapo wakauliza basi kilichobaki humo ndani ni nini, na naitrojeni ikapata nafasi ya kuingia darasani ikiwa imeitwa.

Na sasa tuna kesi mpya. Wavulana wawili wamedai kwamba misumari ingefanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi kwa kuwa ina chuma kingi kuliko stilwaya, na kikundi cha dirishani kimekataa katakata, kikisema kinachotakiwa ni chuma kilichogusana na hewa, si chuma kingi. Utabiri umeandikwa kwa wino. Misumari iko chupani tangu Jumatatu, maji hayajasogea hata kidogo, na kikundi cha dirishani wameanza kudai pipi zao.